Bonde la Ufipa, korongo taji na mfereji

Mabonde ya Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Katikati ya matete yake korongo taji hujenga kiota kilichozungukwa na maji, akaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Ndege huyu yuko hatarini kutoweka duniani. Bonde likichimbwa mfereji, maji hushuka, mbwa hukifikia kiota kwa miguu, na kisima cha jirani kinaweza kukauka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini kumwondoa mwenye bustani bila kumwonyesha pa kulima, sisi tunaona ni kutafuta ugomvi. Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji: tengeni katikati ya bonde, bustani zibaki pembezoni nje ya hizo mita 60, ng'ombe wanyweshwe sehemu moja. Sheria ndogo hupata nguvu ikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Kisha zibeni mfereji kabla ya mvua za Novemba, kwa vizuizi vidogo vingi vya udongo, kuanzia juu. Kizuizi kimoja kikubwa hubomolewa na maji. Mahali ambapo mizizi ya matete haijang'olewa, yatachipua yenyewe, mradi hayachomwi moto.