Kumjua farasi kabla ya wenzako

Inasimuliwa kwamba mwaka 1769 wapelelezi wa mbio walitoka London alfajiri kwenda Epsom, wakamchungulie farasi mmoja aliyekuwa akijaribiwa kwa siri. Walichelewa. Njiani wakamkuta bibi kizee, wakamuuliza kama ameona farasi wowote wakikimbia. Bibi akajibu kwamba hajui kama yalikuwa mashindano au la. Yeye kamwona farasi mwenye mguu mmoja mweupe akipita kwa kasi ya kutisha, na mwingine nyuma yake, mbali, ambaye hata wangekwenda hadi mwisho wa dunia asingemfikia. Wapelelezi hawakuuliza la pili. Walirudi mjini kuweka dau.

Farasi yule ni Eclipse, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mwaka 1764 siku jua lilipopatwa. Zama hizo farasi walikimbia duru zaidi ya moja, kila duru maili kadhaa. Tarehe 3 Mei 1769, kwenye mbio zake za kwanza pale Epsom, Eclipse alishinda duru ya kwanza kama anayecheza. Uwanja mzima ukajua. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana farasi anayejulikana na wote hana faida kwa yeyote. Dennis O'Kelly, Mwairishi aliyeijua kamari kuliko sala, akatangaza kwamba atataja mapema nafasi ya kila farasi wa duru ya pili. Watu wakamkubalia haraka, wakidhani kalewa. Akasema Eclipse wa kwanza, wengine hawapo kabisa. Kanuni ilikuwa kwamba farasi aliyeachwa yadi 240, karibu mita 220, hahesabiwi kuwa amefika. Duru ya pili ilipokwisha, hakuna aliyehesabiwa ila Eclipse. O'Kelly alichukua fedha zake, na baadaye akamnunua farasi mwenyewe. Eclipse alistaafu akiwa ameshinda mara 18 bila kushindwa.

Kijana anayejaza mkeka wa mpira leo, pale anapoiacha timu kubwa iliyo nyumbani na kutafuta idadi ya mabao, anafanya alichofanya O'Kelly. Historia ya kubashiri farasi nimeisoma kwa miaka, na naiona yote imekaa humo: kumjua mshindi si kazi ngumu sana. Kazi ni kumjua kabla ya wenzako.

Silaha ya kwanza ilikuwa daftari. Mwaka 1727 John Cheny alianza kuchapa orodha ya mbio zote zilizokimbiwa Uingereza, na mwaka 1773 James Weatherby akaanzisha kalenda ya mbio ambayo ukoo wake uliiendeleza kwa vizazi. Mtu wa Newmarket sasa aliweza kusoma farasi wa York alifanya nini. Lakini kila mtu aliweza kusoma, na siri iliyochapishwa si siri tena. Wengine wakatafuta njia za mkato. Dan Dawson alinyongwa Cambridge mwaka 1812 kwa kutia sumu maji ya farasi wa Newmarket. Mwaka 1844 mshindi wa mbio za Derby alikuwa farasi aliyeitwa Running Rein, mpaka ilipogundulika kwamba ni Maccabeus wa miaka minne, kwenye mbio za farasi wa miaka mitatu tu. Ushindi akapewa Orlando.

Aliyewasumbua wabashiri kuliko matapeli wote alikuwa mtu mwaminifu. Admirali Henry John Rous alipotoka jeshini alijitia kwenye kazi ya kuwapangia farasi uzito: aliye bora abebe zaidi, dhaifu abebe kidogo, ili kwa nadharia wote wafike mstarini pamoja. Hebu tazama kazi yake kwa karibu. Mwaka 1850 huko Doncaster, Voltigeur wa miaka mitatu alimshinda The Flying Dutchman, aliyekuwa hajawahi kushindwa. Uingereza ikagawanyika. Wenye farasi wakakubaliana warudiane York tarehe 13 Mei 1851, maili 2, na Rous akaombwa kuamua uzito. Alimpa The Flying Dutchman abebe ratili 8 na nusu zaidi ya Voltigeur, kama kilo 4 hivi, sawa na mfuko wa unga wa kilo mbili mara mbili chini ya tandiko. Maelfu kwa maelfu wakaja. Voltigeur aliongoza karibu njia nzima, akafikiwa mwishoni, na The Flying Dutchman akashinda kwa takriban urefu wa farasi mmoja. Baada ya maili mbili! Mwaka 1855 Rous akawa mpangaji rasmi wa uzito, na vipimo vyake vya kulinganisha umri na uzito ndivyo mzizi wa vile vinavyotumika hadi leo.

Tangu hapo kadi ya mbio ikawa hesabu. Chukua farasi wa kubuni mwenye tarakimu 3102 kando ya jina lake. Husomwa toka kushoto: alifika wa tatu, akashinda, kisha hakuonekana hata katika tisa wa mwanzo, na mara ya mwisho akawa wa pili. Mbashiri mvivu huishia kwenye ile 2. Mwenye akili huiuliza ile 0: ardhi ilikuwa na matope? Umbali ulimzidi? Au baada ya ile 1 aliongezewa uzito? Kwa mbio fupi za mita 1,000, urefu wa farasi mmoja huhesabiwa sawa na ratili 3, kwa hiyo aliyeshinda kwa urefu mmoja akiongezewa ratili 6 kwa safari nyingine, kwenye karatasi keshashindwa. Halafu kuna kizimba cha kuanzia, kilichoingia Uingereza mwaka 1965. Chester, ambako uwanja ni mviringo wa maili moja na ushei na kona haziishi, farasi aliyepangiwa kizimba cha nje huanza na deni.

Waliochoka na hesabu walinunua bahasha zenye jina la farasi wa kushinda. Muuzaji maarufu kuliko wote alijiita Prince Monolulu, chifu wa Uhabeshi mwenye taji la manyoya ya mbuni. Kwa kweli alikuwa Peter Carl Mackay wa kisiwa cha St Croix, Karibiani. Alivuma mwaka 1920 kwa kumtaja Spion Kop, aliyeshinda Derby kwa malipo ya 100 kwa 6. Aliendelea kupaza sauti viwanjani hadi alipofariki mwaka 1965. Nampenda, ila nisingempa shilingi yangu.

Ningempa Phil Bull. Mwana huyu wa Yorkshire, mwalimu wa hisabati, aliona kwamba wote wanasoma nafasi na uzito, wachache wanasoma saa. Akapima muda wa kila farasi dhidi ya muda wa kawaida wa uwanja ule, akarekebisha kwa hali ya ardhi, akatajirika kwa dau, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya vipimo, Timeform. Kipimo chake nacho kikawa mali ya umma. Timeform ilimpa farasi Frankel alama 147, za juu kuliko farasi yeyote wa mbio zisizo na vizuizi. Siku ya mbio zake za mwisho mwaka 2012, ili upate faida ya pauni 2 ulipaswa kuweka 11. Alishinda, kama mara 13 za kabla. O'Kelly angecheka.

Nairobi nako mbio za farasi zilianza mwanzoni mwa karne ya 20 upande wa Kariokor, zikahamia Ngong Road mwaka 1954. Beryl Markham, aliyewafunza farasi kabla ya kujulikana kwa urubani, anasimulia katika kitabu chake West with the Night jinsi mwenye farasi aitwaye Wrack alivyomwondoa mikononi mwake kabla ya mbio za St Leger za mwaka 1926. Akamfunza Wise Child, jike mwenye kano dhaifu za miguu. Wise Child akamshinda Wrack. Kadi ya siku ile isingeonyesha kano wala uchungu wa mfunzaji.

Ndiyo maana, ukienda Ngong Jumapili ya mbio, soma kadi yako mapema, kisha usimame kwenye uzio pale masaisi wanapowatembeza farasi kabla ya kutandikwa. Tazama anayetokwa jasho shingoni kabla hajakimbia, tazama anayetembea kwa hatua ndefu na masikio mbele. Ukimwona mmoja ambaye hakuna anayemtazama, usimwambie jirani yako.