Hitilafu Nambari 1

Kila ninapomsifia mtu Linux, swali la kwanza ninalopata ni hili: "Nikihamia huko, ndio basi, hakuna tena wa kunichungulia?" Jibu fupi ni kwamba inategemea. Jibu refu limo katika historia ya Ubuntu, na kwa vile leo nina nafasi, ngoja niisimulie. Wale mnaoijua mtanivumilia.

Tuanze na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Miaka ya 1990 alikuwa mmoja wa waliojitolea kutengeneza Debian, na wakati huohuo alikuwa na kampuni yake, Thawte, iliyotoa vyeti vya usalama kwa tovuti. Mwaka 1999 aliiuza kwa VeriSign ya Marekani kwa takribani dola milioni 575. Mwaka 2002 akapanda roketi ya Warusi na kwenda anga za juu kama mtalii. (Ungekuwa na dola milioni 575 ungefanya nini? Mimi ningelipa deni la HELB kwanza :-)) Mwaka 2004 aliwakusanya watengenezaji kadhaa wa Debian, akaanzisha Ubuntu pamoja na kampuni ya kuilea, Canonical. Jina ni la lugha za Kinguni, lakini Mswahili hahitaji kamusi: ubuntu ni utu.

Agosti 2004, kabla hata toleo la kwanza halijatoka, Shuttleworth aliandikisha hitilafu nambari 1 katika orodha ya mradi wake. Sisi waandishi wa programu tumezoea hitilafu za aina ya "nikibofya hapa skrini inakuwa nyeusi". Yake ilisema kwamba Microsoft ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya soko la kompyuta za mezani, na kwamba Ubuntu imekuja kurekebisha jambo hilo. Mzaha, lakini mzaha wenye meno.

Toleo la kwanza, 4.10, likatoka Oktoba 2004, na pamoja nalo jambo ambalo kwa Afrika Mashariki lilikuwa kubwa kuliko programu yenyewe. Ungejaza fomu na Canonical ingekutumia CD kwa posta, bure, hata nauli ya posta juu yao. Kumbuka hali ilivyokuwa. Kebo za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti na modemu za simu. Piga hesabu: CD ya megabaiti 700 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ni zaidi ya saa 27, kama laini haikatiki na modemu inafikia kasi yake kamili, mambo mawili ambayo hayakutokea. Programu ni huria, sawa, lakini uhuru wa kitu usichoweza kukipakua una faida gani? Bahasha ya posta ndiyo iliyojibu. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2011.

Mwishoni mwa 2004 pia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Nalitaja hili kwa sababu moja: walitafsiri bila kusubiri kampuni yoyote iamue kwamba Waswahili ni soko. Msimbo ulikuwa wazi na leseni iliruhusu.

Ila angalia vizuri leseni hizo zinaahidi nini. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ahadi imekuwa ileile: uendeshe programu utakavyo, usome msimbo wake, uubadilishe, umgawie mwenzako. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba programu huria haitakupeleleza. Watu waliunganisha mambo hayo mawili wenyewe, kwa kuwa kwa miaka mingi yalitembea pamoja.

Yakaachana Oktoba 2012. Ubuntu 12.10 ilikuja na kisanduku cha kutafuta kilichounganishwa na Amazon. Ukiandika jina la faili iliyo ndani ya kompyuta yako, tuseme barua ya daktari au ya kuomba kazi, herufi zako zilikwenda kwenye seva za Canonical, na chini ya matokeo yako zikaja bidhaa za Amazon. Tena shirika la EFF lilionyesha kwamba picha za bidhaa hizo zilipakuliwa moja kwa moja kutoka Amazon bila kufichwa. Kwa hiyo mtu aliyeketi nawe kwenye Wi-Fi ya mkahawa, akisikiliza mtandao, angeweza kubashiri unatafuta nini ndani ya mashine yako mwenyewe. Shuttleworth alijitetea kwamba watumiaji tayari wanaiamini Canonical, kwani kila sasisho wanalopokea linaingia na mamlaka yote juu ya mashine. Kiufundi alisema kweli. Kama utetezi, naona ulikuwa mbaya sana. Stallman aliiita programu ya upelelezi na akawashauri watu waiache Ubuntu.

Lakini hapa ndipo msimbo huria ulipofanya kazi yake. Jambo lenyewe lilionekana wazi, likachambuliwa hadharani, na amri moja ya apt-get ikatosha kuling'oa. Mwaka 2016, katika toleo la 16.04, utafutaji huo ulizimwa kabisa hadi mtumiaji auwashe mwenyewe. Miaka mitatu na nusu ni mingi, najua.

Sasa njoo kwenye wiki ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Tarehe 30 Mei 2013 Shuttleworth aliifunga hitilafu nambari 1. Sababu zake: simu na tabuleti zimebadilisha soko, Microsoft haitawali tena kama zamani, na Android, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, imechangia sana. Ushindi! Siku sita baadaye, tarehe 5 Juni, gazeti la Guardian lilianza kuchapisha nyaraka za Edward Snowden. Kesho yake ikaja habari ya PRISM, ambamo Microsoft, Google, Facebook na Apple zilitajwa kama vyanzo vya data kwa NSA. Kampuni zilikana kwamba serikali ilikuwa na njia ya kuingia moja kwa moja kwenye seva zao. Snowden na waandishi aliofanya nao kazi walitumia Tails, mfumo uliojengwa juu ya Debian, mama yake Ubuntu.

Kwa hiyo Linux ilifika mifukoni mwetu, na faragha ikabaki njiani. Simu ya Android uliyoishika ina kiini huria chini kabisa. Juu yake kuna huduma za Google Play ambazo msimbo wake umefungwa, na ndizo zinazojua uko wapi. Ukiuliza "je, ni Linux?" umeuliza swali la mwaka 2004. Swali la leo ni data inakwenda kwa nani, na je, naweza kuizuia?

Kwa anayetaka kuhama sasa: muda wa kawaida wa msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Nairobi hazikidhi masharti ya Windows 11. Weka Debian au Linux Mint kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo, jaribu Wi-Fi na printa kabla ya kufuta chochote. Kwenye simu anza na kidogo: Firefox, Signal, na kupitia ruhusa ulizozipa programu. GrapheneOS ni nzuri, lakini inalenga simu za Pixel, na kabla ya kuiweka ulizia kama programu ya benki yako itakubali kufunguka. Hilo la benki nitaliandikia makala yake.