Ukishtaki Kaunti ya Kakamega, Huyu Ndiye Utakutana Naye Kortini

Gavana unamjua. MCA wa wadi yenu unamjua, hasa wakati wa kura. Hata yule kanjo anayekusumbua na troli yako ya smokie pale stage ya Kakamega unamjua kwa sura. Lakini Wakili wa Kaunti je? Wasee wengi hawajui hata kama hiyo ofisi iko, na hapo ndipo doo zako za ushuru huokolewa ama huishia kwa kesi.

Ugatuzi ulipoanza 2013, kila kaunti ilijipanga vile ilitaka kwa mambo ya sheria. Mwaka wa 2020 ndio Bunge lilipitisha Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti, ya kaunti zote 47. Gavana humteua mtu, kisha bunge la kaunti lazima limpitishe. Si kazi ya kupewa binamu aliyemaliza chuo juzi: lazima awe wakili wa Mahakama Kuu kwa angalau miaka 5, na atimize masharti ya uadilifu ya Sura ya Sita ya Katiba. Chini yake kuna Solisita wa Kaunti na mawakili wengine wa kaunti.

Sasa, anafanya nini? Yeye ndiye mshauri mkuu wa serikali ya kaunti kwa mambo ya sheria, na huketi kwa mikutano ya gavana na mawaziri wake. Kaunti ikishtakiwa juu ya shamba, tenda ama mfanyakazi aliyefutwa, ofisi yake ndiyo husimama kortini. Pia huangalia marekebisho ya sheria za kaunti, na ikihitajika hushirikiana na Mwanasheria Mkuu kule Nairobi.

Lakini kazi tamu zaidi, na hii haiongelewi, ni kontrakti. Ofisi hiyo ndiyo hujadiliana, huandika na hukagua mikataba ya kaunti. Wacha tuseme kaunti inataka kujengewa soko kule Lurambi. Kama mkataba hausemi kontrakta akitoroka itakuwaje, akitoroka mtabaki na mabati yamesimama na kesi ya miaka. Kipengele kimoja kibovu kinaweza kula pesa ya dawa hospitalini.

Halafu kuna mawakili wa nje. Malipo yao hufuata kiwango kilichowekwa kisheria, na kesi ikihusu mali ya bei kubwa, bili nayo hupanda. Nairobi imekuwa kwa habari miaka mingi juu ya madeni ya mawakili ya mabilioni. Ndiyo maana sheria ya 2020 inasema hakuna idara ya kaunti itakayoajiri mshauri wa nje afanye kazi ya ofisi hii bila Wakili wa Kaunti kukubali. Akiwa mtu wa kusema ndiyo kwa kila kitu, hicho kifungu ni karatasi tu.

Turudi kwa ile troli yako. Katiba, Kifungu cha 210, inasema hakuna ushuru unaotozwa bila sheria. Ada za kaunti hutoka kwa Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo lazima ipite bunge la kaunti, na wananchi lazima waulizwe maoni. Mswada ukifika kwa gavana ana siku 14 kuusaini ama kuurudisha na sababu zake. Wakili wa Kaunti ndiye anafaa kumwambia mkubwa wake mapema, "Hii haitasimama kortini." Ndio maana hii kazi inataka mtu mwenye roho ngumu: aliyekuteua ndiye unafaa kumkataza.

Usichanganye mambo, lakini. Huyu si wakili wako. Ukishikwa na kanjo, hatakuja kukutetea. Pengine ndiye atakuwa upande ule mwingine. Kesi za jinai pia si zake. Afisa wa kaunti akipelekwa kortini na EACC juu ya tenda, ajipange na wakili wake mwenyewe.

Na ukitaka kuona mkataba wa hilo soko, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 viko upande wako. Andika barua kwa kaunti, sema unataka nini hasa, uhakikishe nakala yako imepigwa muhuri. Wana siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi huiita Ombudsman.