Orpheus: mwoga au mpenzi?

Homer hamtaji Orpheus hata mara moja. Kutajwa kwake kwa zamani zaidi tunakokujua ni maneno mawili tu ya mshairi Ibycus, karne ya 6 KK: Orpheus mwenye jina kubwa. Basi! Mengine wameyajaza waliofuata.

Katika Karamu ya Plato, Phaedrus anamwita mwoga: mpiga kinubi aliyeingia kuzimu akiwa hai, akakataa kufa kwa ajili ya mapenzi, ndiyo maana miungu wakamwonyesha kivuli tu cha mkewe. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Virgil anasema penzi lilimzidi, akageuka, Eurydice akapotea.

Mimi niko na Virgil. Mwoga, jamani, angetoka mbio bila kutazama nyuma.