Kijana wa Eropleni na Marehemu Wetu wa Vita

Vitabu vya jubilei hueleza habari za wamisionari wa kwanza, za makatekista, na za makanisa ya matofali yaliyosimama mahali pa miti na nyasi. Ni haki iwe hivyo. Lakini wako marehemu wasiopata ukurasa wao, nao ni vijana waliokwenda vitani wasirudi. Sisi wa Buseresere, katika Jimbo hili la Geita lililozaliwa kutoka Mwanza mwaka 1984, twaomba wasomaji, na hasa waalimu, watuvumilie tukianza na mmoja asiye wa kwetu. Twamchagua kwa kuwa habari zake zaonyesha jinsi jina la marehemu liokokavyo, au lipoteavyo.

Andrew Mynarski alizaliwa mjini Winnipeg, nchi ya Kanada, tarehe 14 Oktoba 1916. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Poland. Baba alipokufa, kijana alikuwa na miaka 16, akashika kazi ya kukata ngozi ili asaidie kumlisha mama yake na ndugu zake. Jambo hilo wengi wa kwetu walijua bila kufundishwa. Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga, akafanywa mpigaji wa bunduki zile ambazo askari keya waliziita bombom. Eropleni yake ilikuwa Lancaster, yenye injini nne na watu saba. Mynarski alikaa juu mgongoni mwake, katika kibanda cha vioo. Rafiki yake Pat Brophy alikaa peke yake mkiani, katika kibanda cha namna ile ile.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, juma moja baada ya majeshi kushuka pwani ya Ufaransa, walitumwa kupiga mabomu njia za reli mjini Cambrai. Eropleni ya Wajerumani ikawapiga gizani. Injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukawaka ndani, nahodha akaamuru wote waruke kwa miavuli. Mynarski alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Akatazama nyuma, akamwona Brophy amenaswa, kibanda chake hakigeuki wala hakifunguki. Akaacha mlango, akatambaa katikati ya moto, akapiga kwa shoka, kisha akavuta kwa mikono mitupu, na nguo zake zawaka. Brophy alipoona hapana njia, alimpungia mkono aende zake. Mynarski akarudi kinyumenyume kupita motoni, na alipofika mlangoni akasimama, akampigia rafiki yake saluti, ndipo akaruka, mwavuli wake umekwisha kushika moto. Wafaransa walimwokota angali hai, lakini akafa kwa majeraha hayo. Alikuwa na miaka 27. Kaburi lake liko Méharicourt, kaskazini ya Ufaransa.

Sasa waalimu waangalie jambo lililofuata. Eropleni ilianguka na Brophy yumo ndani, ikavunjika, naye akatupwa nje, akaamka mzima. Wale watano wengine pia walipona. Hivyo mtu aliyehesabiwa kuwa mfu ndiye aliyekuwa shahidi. Kama angalikufa, nani angalijua yaliyotendeka katika moshi ule? Mynarski angalibaki jina moja tu kati ya watu 55,573, kwani ndiyo hesabu ya waliokufa katika jeshi la mabomu la Uingereza na wenzi wake, kati ya watu kama 125,000 walioruka nalo. Lakini Brophy alisimulia, na mwezi wa Oktoba 1946 ikatangazwa kwamba marehemu amepewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo kubwa kupita zote za ushujaa. Leo iko shule Winnipeg yenye jina lake.

Hatusemi haya kwa kusifu mabomu. Mjini Hamburg, mwezi wa Julai 1943, walikufa makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Na Mtaguso wa Vatikano ulilaani mwaka 1965 vita vya kuteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake. Mkristo anaweza kumwombea aliyekuwa ndani ya eropleni na waliokuwa chini yake, katika Misa moja.

Nao wa kwetu? Vijana wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingizwa katika vita hivyo. Hawakurushwa angani, walikwenda kwa miguu, kwa malori na kwa meli, wakiwa keya, wapiga mizinga, madereva na wachimba mahandaki, mpaka Uhabeshi, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon na kikosi cha wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa. Kati yao, nani alirudi chini kumvuta mwenzake? Nani alimwachia mwenzake kipande cha ubao? Bahari haikumtupa nje Brophy wao. Hata hivyo majina ya wapiga mizinga hao yameandikwa ukutani, katika makaburi ya vita mjini Nairobi.

Wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918 hawakupata hata ukuta. Jina Kariakoo mjini Dar es Salaam latokana na jeshi lao, lakini majina yao wenyewe hayakuchongwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na nchi wenzake ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Yuda Makabayo alichanga fedha drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliouawa. Aliwazika yeye mwenyewe, basi aliwajua. Sisi twaomba kazi ndogo kuliko hiyo. Kabla ya tarehe 2 Novemba, mwalimu awatume wanafunzi kwa wazee wa Buseresere na vijiji vya jirani, waulize: katika ukoo huu, ni nani aliyekwenda vitani asirudi? Waandike jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, na mahali ilikotoka habari yake ya mwisho, kama ilifika. Karatasi ziletwe kwa katekista, naye atampelekea Padri, majina yasomwe altareni.