Muungo wa kemia

Muungo wa kemia ni mvutano unaozishika atomu pamoja zikawa molekuli, fuwele au kipande cha metali. Asili yake ni umeme: kiini cha atomu kina chaji chanya, elektroni zina chaji hasi, na atomu huungana pale ambapo elektroni zikipangwa upya nishati ya jumla hushuka. Zinazohusika zaidi ni elektroni za mzingo wa nje. Za ndani zimebanwa mno na kiini.

Chumvi ya mezani ni mfano wa elektroni kuhama. Sodiamu, ambayo vitabu vingine huiita natiri, ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8 na 1. Klorini ina 17, yaani 2, 8 na 7. Elektroni ya nje ya sodiamu ikihamia klorini, sodiamu huwa ioni chanya na klorini ioni hasi, kila moja ikiwa na elektroni nane katika mzingo wa nje. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni yake. Usemi huo hukaa kichwani upesi, lakini unapotosha. Kuing'oa elektroni hiyo hugharimu kilojuli 496 hivi kwa moli, na klorini ikiipokea hutoa 349 tu. Ingeishia hapo, kungekuwa na hasara ya kilojuli 147. Hasara hiyo hufidiwa na fuwele: ioni zilizotawanyika zikikusanyika na kujipanga, hutoa takriban kilojuli 787. Ndani ya punje, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za kloridi, na kila ya kloridi na sita za sodiamu, kwa hiyo hakuna jozi inayoweza kuitwa molekuli ya chumvi. William Lawrence Bragg alibainisha mpangilio huo mwaka 1913 kwa kutumia eksirei. Kwa kuwa kila ioni inavutwa kutoka pande zote, chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzijoto 801 za Selsiasi.

Katika muungo wa kovalenti hakuna anayenyang'anywa. Atomu mbili za haidrojeni hutumia elektroni zao mbili kwa pamoja, nazo hukaa zaidi katikati ya viini na kuvivuta vyote viwili. Kuutenganisha muungo huo kunahitaji kilojuli 436 kwa moli. Nitrojeni hushirikiana jozi tatu, na gharama hupanda hadi 945 hivi. Ndiyo sababu mahindi yanaweza kudumaa kwa kukosa nitrojeni ilhali asilimia 78 ya hewa inayoyazunguka ni gesi hiyo hiyo. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya kunde na maharage ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kuivunja.

Wazo la jozi ya elektroni lilitolewa na Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1916, mwaka ambao Mjerumani Walther Kossel alieleza miungo ya ioni. Maelezo ya kifizikia ya jozi hiyo yalipatikana mwaka 1927, Walter Heitler na Fritz London walipoikokotoa molekuli ya haidrojeni kwa nadharia ya kwanta. Kanuni kwamba atomu huungana ili zipate elektroni nane katika mzingo wa nje, kwa manufaa yake yote, si sheria: mwaka 1962 Neil Bartlett alitengeneza kampaundi ya zenoni, gesi iliyodhaniwa haiungani na chochote.

Katika metali, elektroni za nje ni za kipande kizima, ndiyo maana waya wa shaba hupitisha umeme.

Kushirikiana si lazima kuwe sawa kwa sawa. Katika maji, oksijeni huvuta elektroni upande wake zaidi kuliko haidrojeni, na molekuli hupata ncha hasi na ncha chanya zinazoweza kuzitenga ioni za chumvi. Aina mbili za muungo pia hukaa katika kitu kimoja. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya yana kaboneti ya sodiamu: kaboni moja imeshirikiana elektroni na oksijeni tatu, na kundi hilo lenye chaji hasi huvutana na ioni za sodiamu. Mpishi akiyatia katika sufuria ya maharage, sodiamu na kaboneti huachana majini, lakini kaboni hubaki na oksijeni zake. Akikamulia ndimu, asidi huliteka kundi hilo, oksijeni moja hutoka na kuishia katika maji, na kilichobaki hupanda kama mapovu ya kaboni dioksidi.