Risasi ya shaba: wafuzi wa Katanga na bunduki za Bunkeya

Wengi wanazani kama bunduki ililetwa na wageni, basi na akili yake yote ilitoka kwao. Sisi tunaona si vile.

Wakati wa Mwami Msiri, bunduki za gumegume zilifika Bunkeya toka pande mbili: Benguela na Zanzibar. Zililipwa kwa pembe za tembo, shaba, chumvi na, tuseme wazi, watumwa. Lakini risasi, ni kusema ile madini yenyewe, ilikuwa haba. Shaba ndiyo ilikuwa nyingi. Basi wafuzi wakatengeneza vidonge vya shaba.

Kazi haikuwa nyepesi. Risasi inayeyuka kwa digri 327. Shaba inataka 1085, tanuru na mivukuto. Kidonge cha milimetre 17 kikiwa cha risasi kina gramu 29, cha shaba gramu 23 tu. Tena shaba ni ngumu: ikikosewa kipimo, haibanwi ndani ya mtutu.

Na kipimo ndicho kila kitu. Kidonge kinapaswa kuwa kidogo kuliko tundu. Bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza ilikuwa na tundu la milimetre 19, na kidonge cha karibu 17.5. Juu ya nini? Baruti nyeusi inaacha masizi. Kidonge kinachojaza tundu lote kitakwama njiani, mbali na baruti, na mtutu unaweza kupasuka mikononi. Kikiwa kidogo mno, nguvu ya moto inapita pembeni, na chenyewe kinagongagonga na kutoka kombo. Dawa yake ni kukifunga kitambaa. Na sababu bunduki za biashara hazikulingana matundu, haikufaa kidonge kimoja kwa zote.

Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa na Bodson, wa msafara wa Stairs. Wageni wale walikuwa na bunduki za kujazwa nyuma, kidonge na baruti tayari ndani ya ganda moja. Mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulikataza silaha za namna hiyo kuuzwa kwa wenyeji. Gumegume ndiyo iliachiwa mlango.

Kwa hiyo tukifundisha mwaka 1891, tusiwaambie watoto kwamba wazee walishindwa kwa kukosa akili. Mutu anayeyeyusha shaba na kuipatanisha na mtutu asioufanya yeye, huyo ni fundi. Kilichokosekana ni mlango wa soko, na huo ulifungwa kwa makusudi.